Chama cha Marekani ni cha nani hasa? Lincoln, Trump na jina ambalo hakuna wa kulikata

Swali limetoka kwa binti anayesoma kidato cha sita Mbeya, anaandika hivi: "Shikamoo mwalimu. Darasani tumefundishwa kwamba Lincoln aliyefuta utumwa alikuwa Republican, sasa mbona leo Wamarekani weusi wengi wanawapigia Democrat, vyama vilibadilishana majina au? Cha pili, 2016 vigogo wengi wa Republican walikuwa hawamtaki Trump, kwa nini kamati kuu yao haikumkata jina mapema? Na cha mwisho, mbona kila uchaguzi ni hao hao wawili tu?"

Marahaba mwanangu, na umeuliza vizuri sana, maana hilo la kwanza hata watu wazima wanaobishana siasa za Marekani kila siku wanalibeba vibaya. Umeweka maswali matatu ila mzizi wake ni mmoja, nao ni kwamba chama cha siasa Marekani hakina mwenyewe. Hakina kadi, hakina ada ya uanachama, hakina kamati kuu inayokaa mpaka usiku wa manane kupitia majina, na hakuna kikao chenye uwezo wa kumfukuza mbunge akapoteza kiti. Mwenyekiti wa taifa yupo, makao makuu yapo Washington, lakini kazi ya huyo mwenyekiti kwa sehemu kubwa ni kutafuta pesa na kuandaa mkutano mkuu kila baada ya miaka minne. Anayeamua nani abebe jina la chama ni mpiga kura wa kawaida kwenye kura za mchujo, na hizo kura kwa kawaida zinaendeshwa na serikali ya jimbo kwa sheria ya jimbo. Ukilishika hilo mengine yote yanafunguka.

Chukua mtu anaishi Houston, Texas. Hajawahi kujiandikisha kwenye chama chochote kwa sababu daftari la wapiga kura la Texas halina hata sehemu ya kuandika chama. Siku ya mchujo, kawaida mwezi wa tatu, anaenda kituoni, anaonyesha kitambulisho, anaulizwa anataka kupigia upande gani, akisema Republican anapewa ya Republican, anachagua nani agombee ubunge, ugavana, urais, anaondoka zake kazini. Uchaguzi unaofuata akitaka anaomba ya Democrat, hakuna wa kumuuliza kitu. Majimbo mengine kama New York yamebana kidogo, lazima uwe umejiandikisha kabla kwamba wewe ni Democrat ndo upige mchujo wa Democrat, lakini hata huko fomu ni ya serikali, unatiki kisanduku basi, chama hakina nafasi ya kukukataa. Sisi Tanzania katiba inasema mgombea lazima awe mwanachama na adhaminiwe na chama, na mbunge akivuliwa uanachama ubunge nao umeenda, kwa hiyo tukisikia neno chama tunaona jengo lenye geti na mlinzi, alafu tunashangaa Trump alipita wapi.

Ilikuwaje wakafika hapo? Waliotunga katiba yao 1787 hawakutaja vyama kabisa, na George Washington kwenye waraka wake wa kuaga 1796 aliwaonya wenzake juu ya roho ya vyama, ila wakati anaonya vilikuwa vimeshazaliwa ndani ya baraza lake mwenyewe la mawaziri, Alexander Hamilton huku anataka benki ya taifa na serikali kuu yenye nguvu, Thomas Jefferson kule anaogopa hiyo serikali itameza majimbo. Uchaguzi wa 1800 ukaonyesha katiba haikujiandaa kwa vyama, Jefferson na mgombea mwenza wake Aaron Burr wakapata kura 73 kwa 73 za wajumbe wa uchaguzi, yaani watu wa kila jimbo ambao ndo humchagua rais rasmi, Baraza la Wawakilishi likapiga kura mara 36 ndo Jefferson akapita, na katiba ikarekebishwa 1804 ili rais na makamu wapigiwe kura tofauti. Kundi la Hamilton likafifia likafa. Mwaka 1824 wakagombea watu wanne wote wakijiita wa upande wa Jefferson, Andrew Jackson akaongoza kwa kura 99 za wajumbe, John Quincy Adams 84, lakini kwa kuwa Jackson hakufikisha nusu Baraza likampa Adams. Jackson alitoka pale na hasira kubwa, na mwanasiasa mmoja wa New York, Martin Van Buren, akaona hapo pana kazi, akaunganisha wakulima wa kusini na wanasiasa wa mijini kaskazini wakamsukuma Jackson mpaka ikulu 1828. Hicho ndo chama cha Democrat unachokisikia leo. Wapinzani wake wakajiita Whig, nao walivunjika miaka ya 1850 kwa ugomvi wa utumwa, na 1854 baada ya sheria iliyofungua mlango wa utumwa kuingia Kansas na Nebraska watu wa kaskazini waliokasirika wakakutana sehemu kama Ripon kule Wisconsin na Jackson kule Michigan wakaanzisha Republican. Miaka sita tu baadaye Lincoln ni rais.

Hapa nakuomba utulie kidogo maana kuna jambo vitabu vingi vinaliruka, nalo ndo lililofanya vyama vyao viwe vya ajabu. Zamani serikali Marekani haikuchapisha karatasi za kura. Kila chama kilichapisha ya kwake yenye majina ya watu wake tu, mara nyingi ya rangi yake, wakala wa chama anakukabidhi nje ya kituo, unaingia nayo mkononi kila mtu anaiona, unaitumbukiza kwenye sanduku. Ndo maana 1860 katika majimbo mengi ya kusini Lincoln hakupata hata kura, hakukuwa na mtu wa kugawa karatasi zenye jina lake, na bado akashinda urais kwa karibu asilimia 40 ya kura za nchi nzima, wapinzani wake wakiwa watatu. Wakati ule kweli chama kilikuwa na wenyewe, walioitwa mabosi. Tammany Hall ya New York, taasisi ya mabosi wa Democrat, ilikutafutia kazi ya upolisi, ikakuletea makaa ya mawe wakati wa baridi, wewe siku ya kura unabeba karatasi yake. Ajira za serikali zilikuwa mali ya chama kilichoshinda, na 1881 Rais James Garfield alipigwa risasi na mtu aliyeamini anadaiwa cheo kwa kukisaidia chama, na miaka miwili baadaye Congress, yaani bunge la taifa, ikapitisha sheria ya kuanza kuajiri kwa mitihani.

Alafu mwaka 1888 Massachusetts ikaleta utaratibu kutoka Australia, karatasi moja ichapishwe na serikali, iwe na wagombea wote, mtu apige kwa siri. Majimbo mengine yakafuata mbio mbio ndani ya miaka michache. Jambo lenyewe linaonekana dogo, ila fikiria, kama serikali ndo inachapa karatasi basi serikali lazima iamue chama ni kipi na mgombea halali wa chama ni nani, maana wakija wawili wote wanadai ni wa Democrat karani ataandika nani? Hapo sheria ikaingia ndani ya nyumba ya chama na haijatoka mpaka leo. Mwanzoni mwa karne ya 20 wanamageuzi kama Robert La Follette wa Wisconsin wakapeleka mbele zaidi, wakasema basi wagombea wachaguliwe na wananchi wenyewe kwa kura inayosimamiwa na jimbo, mabosi wakae pembeni. Hakuna nchi nyingine kubwa niijuayo iliyovipokonya vyama kazi yake ya msingi namna hiyo.

Kesi inayoonyesha hili vizuri kuliko zote ni ya Texas. Kule kusini kwa miaka mingi Democrat ndo walikuwa kila kitu, mwenye kushinda mchujo wao ameshinda kiti, uchaguzi wa Novemba ulikuwa wa kukamilisha ratiba. 1923 Texas ikatunga sheria kwamba mtu mweusi haruhusiwi kupiga mchujo wa Democrat. Mahakama ya Juu ikaifuta 1927. Wakabadilisha mbinu, wakasema hii si sheria ya jimbo tena, sisi ni chama, ni klabu ya watu binafsi, tunaamua wenyewe nani mwenzetu, na 1935 Mahakama ikakubali. Daktari wa meno mweusi wa Houston, Lonnie Smith, aliyenyimwa karatasi ya mchujo akaenda mahakamani, wakili wake mmojawapo akiwa Thurgood Marshall, na 1944 majaji wanane dhidi ya mmoja wakasema mchujo unaoendeshwa kwa sheria za jimbo ni sehemu ya uchaguzi wenyewe, kwa hiyo chama hakiwezi kujificha nyuma ya uklabu kumnyima mtu kura kwa rangi yake. Mimi naiona hii kuwa moja ya hukumu muhimu sana za karne yao, maana ilimpa mtu mweusi ufunguo wa mlango ambao ndo ulikuwa mlango wa kweli.

Sasa turudi kwa Lincoln. Hapana, hawakubadilishana majina, na yeyote anayekuambia kuna mwaka mmoja walikaa wakabadilishana anakupotosha. Baada ya vita ya wenyewe kwa wenyewe kati ya kaskazini na kusini utumwa ukafutwa 1865, wanaume weusi wakapata haki ya kura 1870, na mwaka huo huo Hiram Revels, Republican mweusi, akaingia Seneti akitokea Mississippi. Watu weusi walikuwa Republican kabisa na walikuwa na sababu. Lakini 1877 askari wa serikali kuu wakaondolewa kusini kama sehemu ya maelewano ya kumpa Rutherford Hayes urais, na wazungu wa Democrat wakaichukua kusini kwa vitisho na mauaji na baadaye kwa sheria, kodi ya kura, mitihani ya kusoma, kila hila, mpaka weusi wakatoweka kwenye madaftari. Republican wa kaskazini wakaacha, walikuwa wamehamia kwenye reli na viwanda.

Kilichofuata kilichukua kama miaka 60. Familia nyeusi zikaanza kuhama kusini kwenda Chicago, Detroit, New York, mpaka kufika 1970 walikuwa wamehama kama milioni 6, na kule walikofika walikuwa na kura. Chicago ilimchagua Oscar De Priest 1928, mweusi wa kwanza kutoka kaskazini kuingia Congress, Republican. 1934 akaangushwa na Arthur Mitchell, mweusi pia, ila Democrat. Katikati hapo nini kilitokea? Njaa. Mdororo wa uchumi, viwanda vimefungwa, na Franklin Roosevelt akaja na kazi za serikali na misaada, na ingawa 1932 weusi wengi walikuwa bado na Republican, 1936 wengi wao wakampigia Roosevelt. Angalia hapo, walihamia Democrat kwa sababu ya mkate, wakati chama hicho hicho kusini bado kinawanyima kura! Chama kimoja kilikuwa na mwenye shamba la pamba Mississippi na fundi mweusi wa Harlem. Kiliwezekanaje kukaa hivyo? Sababu moja ni kanuni, mgombea urais wa Democrat alitakiwa kupata theluthi mbili za wajumbe wa mkutano mkuu, kwa hiyo kusini ilikuwa na turufu, hakuna mtu anayewatisha kuhusu ubaguzi angepita. Kanuni hiyo ndo iliwafanya 1924 wapige kura mara 103 kwenye mkutano uliochukua zaidi ya wiki mbili pale Madison Square Garden, New York, ndo wakapata mgombea. Roosevelt aliifuta 1936, na kusini ikabaki bila ile ngao.

1948 Rais Harry Truman, naye Democrat, akaagiza jeshi liache kutenganisha askari kwa rangi, na mwaka huo baadhi ya wajumbe wa kusini walitoka nje ya mkutano mkuu, gavana Strom Thurmond wa South Carolina akagombea kivyake akachukua majimbo manne. 1964 Rais Lyndon Johnson, Democrat wa Texas, akapitisha sheria kubwa ya haki za kiraia. Na hapa naomba uwe makini, Seneti ilipitisha kwa 73 dhidi ya 27, kati ya waliosema ndiyo 46 walikuwa Democrat na 27 Republican, waliosema hapana 21 Democrat na 6 Republican. Kwa uwiano Republican waliiunga mkono zaidi! Mgawanyiko wa kweli ulikuwa kaskazini na kusini. Ila mmoja wa wale Republican sita alikuwa Barry Goldwater, na kiangazi hicho hicho wapiga kura na wanaharakati wa mchujo walimfanya mgombea urais wa chama cha Lincoln. Alishindwa vibaya nchi nzima, alichukua Arizona kwao na majimbo matano ya kusini kabisa, Mississippi ikampa asilimia 87. Thurmond akahamia Republican mwaka huo. Kura za weusi, ambazo 1960 karibu theluthi bado zilikwenda kwa Richard Nixon, zikaenda kwa Johnson zaidi ya asilimia 90, na hazijarudi.

Lakini hata baada ya hapo haikuwa siku moja. Mzungu wa Alabama alikuwa anampigia Republican kwa urais na Democrat kwa diwani wake kwa miaka mingi sana, Baraza la Wawakilishi la taifa lilikwenda Republican 1994 kwa mara ya kwanza baada ya miaka 40, na bunge la jimbo la Alabama lilikaa mikononi mwa Democrat mpaka 2010. Chama ni kama kibanda cha sokoni, bango la juu ya mlango ni lile lile ila wapangaji wameingia na kutoka, wengine kwa kufukuzwa na njaa wengine kwa hasira, na aliyebaki ndani ndo anaamua kinauzwa nini.

Kuna mwanamke mmoja napenda wanafunzi wamjue hapa, Fannie Lou Hamer, mkulima wa pamba kwenye shamba la mtu kule Ruleville, Mississippi. 1962 alikwenda kujiandikisha kupiga kura, akafukuzwa kwenye shamba alilofanya kazi miaka 18. 1963 akapigwa vibaya kwenye jela ya Winona. Wakati ule chini ya asilimia 7 ya weusi wa Mississippi wenye sifa ndo walikuwa wameandikishwa, kwa hiyo wajumbe wa Democrat wa jimbo walikuwa wazungu watupu. Yeye na wenzake wakaunda ujumbe wao, wakaenda mkutano mkuu wa Democrat Atlantic City Agosti 1964, wakasema sisi ndo Democrat halali, wale wamechaguliwa kwa kuwanyima wenzao kura. Hamer alikaa mbele ya kamati ya hati, ile inayoamua wajumbe halali ni wepi, akaeleza kipigo cha Winona, kamera zinarusha moja kwa moja, na Johnson akaitisha mkutano na waandishi wa habari ghafla ili televisheni ziache kumuonyesha. Haikusaidia, jioni vituo vikarudia ushuhuda wake nchi nzima. Wakapewa viti viwili tu, wakavikataa, hawakusafiri umbali ule kwa viti viwili. Miaka minne baadaye Chicago, Hamer aliingia ukumbini akiwa mjumbe kamili, na kufika 1967 baada ya sheria ya haki ya kura ya 1965 karibu asilimia 60 ya weusi wa Mississippi walikuwa kwenye daftari.

Mkutano huo wa Chicago 1968 ndo unatupeleka kwa Trump. Kwa urais, tofauti na ubunge, mabosi walikuwa wamebaki na nguvu, mchujo ulikuwepo kwenye majimbo machache tu. Hubert Humphrey alipewa tiketi ya Democrat bila kushindana kwenye mchujo hata mmoja, nje vijana wanaopinga vita ya Vietnam wanapigwa virungu na polisi, na Novemba akashindwa na Nixon. Chama kikaunda tume ya kurekebisha, iliyoongozwa na George McGovern na baadaye Donald Fraser, ikasema wajumbe wachaguliwe kwa uwazi na wanachama wote wa kawaida. Majimbo yakaona njia rahisi ya kutimiza hilo ni kuweka mchujo, na kwa kuwa mchujo ni sheria ya jimbo ukawabana Republican nao. Kuanzia 1972 mkutano mkuu unathibitisha tu matokeo yaliyokwisha.

Kwa hiyo 2016 kamati ingemkata Trump kwa kalamu ipi? Wagombea wakubwa walikuwa 17. Mitt Romney, aliyebeba bendera yao 2012, alisimama mwezi wa tatu akahutubia kumpinga. Gavana John Kasich wa Ohio hakukanyaga ukumbini wakati mkutano mkuu uko Cleveland, jimboni kwake. Lakini angalia South Carolina, Trump alipata kama asilimia 32 na nusu akabeba wajumbe wote 50 wa jimbo hilo kwenye mkutano mkuu, kwa sababu kanuni ya Republican kwenye majimbo mengi inampa aliyeongoza kila kitu au karibu kila kitu, na waliobaki walikuwa wanagawana theluthi mbili kati yao huku kila mmoja akisubiri mwenzake ajitoe. Democrat wao wanagawa kwa uwiano, ukipita asilimia 15 unapata fungu lako, na walikuwa na wajumbe maalumu wa uongozi wenye kura huru, ambao tangu mageuzi ya 2018 hawapigi duru ya kwanza kama mchujo haujatoa mshindi wa wazi.

Na si Trump wa kwanza. 1986 Illinois, wafuasi wa Lyndon LaRouche, mtu wa nadharia za ajabu kabisa, walishinda mchujo wa Democrat kwa nafasi mbili kubwa za jimbo, na mgombea ugavana wa Democrat, Adlai Stevenson wa tatu, ikabidi aache tiketi ya chama chake agombee kwa chama kipya ili asisimame nao. 1989 uongozi wa taifa wa Republican ulimkana hadharani David Duke, kiongozi wa zamani wa Ku Klux Klan, kundi la wazungu wabaguzi, bado akakaa bunge la Louisiana kama Republican. 2014 Eric Cantor, namba mbili wa Republican katika Baraza la Wawakilishi, alitumia zaidi ya dola milioni 5 akaangushwa kwenye mchujo wa Virginia na mwalimu wa uchumi asiyejulikana, wapiga kura kama 65,000 tu kwenye eneo la watu zaidi ya 700,000. Hapo ndo palipo na tatizo la kweli kwa maoni yangu, mlango uko wazi lakini wanaoingia ni wachache na mara nyingi ni wenye msimamo mkali, na kwa kuwa maeneo mengi ya uchaguzi yameegemea chama kimoja, hao wachache ndo wanachagua mbunge wa wote.

Lakini mlango huo huo umepitisha watu ambao vikao visingewapa nafasi. Ilhan Omar alikaa miaka minne utotoni kwenye kambi ya wakimbizi Kenya, 2016 akamshinda kwenye mchujo wa Minneapolis mbunge wa bunge la jimbo la Minnesota aliyekaa kwenye kiti miaka 44, na 2018 akaenda Congress. Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala, Juni 2025 alimshinda gavana wa zamani Andrew Cuomo kwenye mchujo wa Democrat wa New York, wakubwa kadhaa wa chama wakisita kumuunga mkono, na Novemba akachaguliwa meya.

Sisemi viongozi hawana nguvu kabisa. Wana pesa, wana simu, wana kushawishi. 2020 siku chache kabla ya majimbo mengi kupiga mchujo kwa pamoja, Pete Buttigieg na Amy Klobuchar walijitoa wakamuunga mkono Joe Biden, na upepo wa Bernie Sanders ukakatika. Ila Biden mwenyewe Julai 2024 chama hakikuwa na uwezo wa kumwondoa, wajumbe walikuwa wake, ilibidi wamsihi mpaka alipojitoa kwa hiari yake. Liz Cheney alipompinga Trump wenzake bungeni walimvua cheo 2021, lakini kiti na jina la Republican vilibaki kwake mpaka wapiga kura wa Wyoming walipomwangusha kwenye mchujo Agosti 2022.

Kuhusu mbona ni wawili tu, sababu unayoisikia sana ni kweli, kila kiti kina mshindi mmoja na wa pili hapati kitu. Ross Perot 1992 alipata karibu asilimia 19 ya kura za urais, kura za wajumbe wa uchaguzi sifuri. Ralph Nader 2000 alipata zaidi ya kura 97,000 Florida, jimbo ambalo George Bush alitangazwa mshindi kwa tofauti ya kura 537 na urais ukaenda naye, na tangu hapo ukitaja chama cha tatu watu wanakumbushana Florida. Majimbo nayo yanaweka masharti ya saini nyingi kabla jina halijaingia kwenye karatasi, na wanaotunga hayo masharti ni wa vyama hivyo viwili.

Ila Uingereza nao wana mshindi mmoja kila eneo na vyama vidogo vina wabunge, kwa hiyo haitoshi. Nyongeza ni ule mchujo. Ukiwa na hasira Marekani, kuanzisha chama ni kazi ya miaka na pesa, kuingia kwenye mchujo wa chama kikubwa ni kujaza fomu. Sanders amekaa Congress miaka yote kama mgombea binafsi ila alipotaka urais aliingia mchujo wa Democrat, mara mbili. Trump naye 1999 alijiunga na Reform, chama alichoanzisha Perot, akapima kugombea urais wa 2000, akaacha, baadaye akajiandikisha Democrat kwa miaka kadhaa, akaja kupitia Republican. Waasi wote wanaingia ndani, nje hakubaki mtu wa kujenga.

Kama kuna pa kutazama mabadiliko ni Maine. Kule wananchi walipitisha kwa kura ya maoni utaratibu wa kupanga wagombea, unaandika chaguo la kwanza, la pili, la tatu, na asipopatikana wa kuvuka nusu wa mwisho anaondolewa na kura zake zinahamia kwa chaguo linalofuata. 2018 kwenye kiti kimoja cha Congress Bruce Poliquin wa Republican aliongoza hesabu ya kwanza, asilimia 46 na kidogo, Jared Golden wa Democrat akiwa nyuma kwa chini ya pointi moja, na kura zilizobaki ziko kwa wagombea binafsi wawili. Walipoondolewa hao na chaguo la pili kuhesabiwa Golden akavuka 50. Poliquin alienda mahakamani kusema utaratibu unavunja katiba, jaji akamkatalia, na waliowapigia wagombea binafsi safari hiyo hawakuwa wameharibu kura ya mtu.